Niandikie Kama Unavyowaandikia Watoto wa Watu

Ni Jumanne asubuhi. Mlango wa bati wa lililokuwa ghala la magodoro umesukumwa mpaka mwisho, na mwanga unafika hadi ukuta wa nyuma. Katikati ya sakafu ya saruji amesimama mwanamke mmoja, viatu amevua, miwani ameipandisha kichwani. Mafundi wawili walio juu ya ngazi wameshika picha kubwa, mmoja huku na mwingine kule.

"Teremsheni kidole kimoja," anasema hatimaye. "Si kidole chako wewe. Kidole cha mtu wa kawaida."

Fundi mwenye vidole vinene anacheka, picha inayumba, mwenzake anamkemea. Mwanamke anarudi nyuma hatua chache, anainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Hapo. Hapo hapo. Msipumue."

Yeye ni mratibu wa maonyesho ya sanaa. Huchagua kazi za wachoraji na wachongaji wa siku hizi, huamua ipi ikae wapi na jirani yake awe nani, na huandika yale maelezo mafupi yanayobandikwa ukutani. Asipokuwa na maonyesho yake, huandika gazetini kuhusu maonyesho ya wengine. Hapo huitwa mhakiki, na hapo ndipo anapopata maadui.

Mafundi humwita Pimamaji, kwa sababu hata wakishapima kwa kifaa chenyewe na kiputo kikatulia katikati, yeye hutazama kwa jicho lake na kusema bado.

"Sina ugomvi na jina hilo," anasema akivaa viatu. "Nimeitwa mabaya zaidi, na mengine yalichapishwa."

Anapoulizwa kwa nini picha moja imemchukua asubuhi nzima, anaonyesha ya pembeni yake. "Picha zikikaa vibaya zinagombana kama wapangaji. Hii inapiga kelele, ile inataka kulala. Mimi ni kama mwenye nyumba. Lazima nijue nani apewe chumba gani."

Hakusomea kazi hii. Ana miaka hamsini na mitatu sasa, na alipoanza kazi za ofisini alikuwa karani wa mapokezi katika kampuni ya bima. Ofisi ilipakwa rangi, picha zote za ukumbini zikateremshwa, na meneja akamwagiza azirudishe zilipokuwa.

Hakuzirudisha zilipokuwa.

"Nilizitandaza sakafuni nikakaa nazo mchana kutwa. Simu zinalia, sipokei. Nilikuwa nimezipita miaka mitatu bila kuziona, na kosa halikuwa la picha. Zilikuwa zimetundikwa kama nguo kwenye kamba, kila moja inamkinga mwenzake."

Alizipanga upya. Siku chache baadaye meneja alisimama ukumbini, akauliza kampuni imenunua picha mpya lini.

Kutoka hapo alianza kuzunguka kila palipotundikwa kitu: kumbi za shule, mahoteli, maduka ya fremu, vyumba vya wachoraji wenyewe. Akaandika ukurasa mmoja kuhusu maonyesho aliyoyaona na kuupeleka gazetini kwa mkono. Mhariri aliyeupokea, ambaye bado ndiye mhariri wake, anakumbuka kwamba aliusoma wakiwa wamesimama.

"Nilimwambia aondoe maneno yote ambayo hawezi kumwambia jirani yake wakiwa wanafua," anasema mhariri. "Akaniuliza, na jirani yangu akiwa profesa? Nikamwambia hata profesa anafua."

Tangu hapo hajaacha kuandika. Wapo waliompenda kwa hilo, na wapo waliompelekea salamu za ajabu. Mchongaji mmoja aliyeandikiwa kwamba vichwa vyake vya mbao vyote vina uso mmoja alifika ofisi za gazeti na gunia. Ndani ya gunia kulikuwa na kichwa. Alikiweka juu ya meza ya mapokezi, akasema haondoki mpaka mhakiki aje akiombe msamaha.

"Nilishuka ngazi nikakitazama vizuri," anasimulia Pimamaji. "Nikamwambia uso umekuwa wa mtu sasa, lakini masikio bado. Akakigeuza kile kichwa, akayatazama masikio. Kisha akakirudisha guniani akaenda zake."

Mchongaji huyo leo ni rafiki yake. Vichwa vinne kati ya vilivyomo ghalani humu ni vyake, na masikio yake hayana neno.

Kazi haimtajirishi. Mwaka jana aliratibu maonyesho matatu, na ni moja tu lililomlipa. Malipo ya makala sita hayafiki kodi ya mwezi ya nyumba anayoishi. Kinachomweka mjini ni kusahihisha vitabu vya kiada kabla havijachapishwa. "Nalipwa kutafuta makosa ya vitabu vya watoto wa darasa la nne," anasema, "ili nipate nafasi ya kutafuta makosa ya watu wazima."

Kuna jambo moja ambalo hawezi kulitania haraka hivyo. Ana mdogo wake wa kike, na mdogo wake ni mchoraji.

Nyumbani wanamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Pimamaji ndiye wa kwanza. Katikati yao kuna miaka kumi na mmoja na hakuna mwingine. Baba alifariki Kitinda akiwa bado ananyonya. Mama yao alikuwa fundi cherehani, na alipokuwa akishonea watu nguo mpaka jioni, aliyembeba mtoto mgongoni alikuwa dada. Aliyemfundisha kushika penseli pia alikuwa dada. Walichora kwenye vipande vya karatasi za kukatia nguo, mmoja akianza upande wa kola, mwingine upande wa mkono.

Kitinda alipokua na kazi zake zikaanza kutundikwa pamoja na za wenzake, dada mtu alikwenda kuyaona maonyesho hayo kama kawaida. Akaandika kama kawaida. Aliwataja wachoraji wote walioshiriki, mmoja baada ya mwingine, isipokuwa mmoja.

"Nilinunua gazeti nikalisoma pale pale kwa muuzaji," anasema Kitinda. Tunaongea naye katika chumba cha nyuma anachochorea, harufu ya thina imejaa na madirisha yote yako wazi. "Nilitafuta jina langu kama mtu anayetafuta matokeo ya mtihani ubaoni. Sikuliona. Nikafungua ukurasa wa pili, nikidhani makala inaendelea."

Makala haikuwa inaendelea.

Alimpigia simu dada yake. Jibu lilikuwa fupi: wewe ni ndugu yangu, siwezi kukuandika, watu watasema. Kitinda alikubali. Yakaja maonyesho mengine, na mengine. Mara zote dada alifika, akatazama, akamkumbatia, akaenda nyumbani kuandika kuhusu wengine.

"Sasa fikiria," anasema Kitinda, akipangusa brashi kwa kitambaa kilichokuwa fulana. "Mji huu una mhakiki mmoja anayeandika kila mwezi, na mhakiki mwenyewe ni dada yangu. Mimi nifanyeje, nihamie tumbo jingine?"

Kilichomuuma zaidi ni kwamba watu walisema hata hivyo. Kila alipopata ukuta mahali, wapo walionong'ona kwamba amebebwa na dada. "Kwa hiyo nililipa bei ya kubebwa, na sikubebwa."

Pimamaji hapingi hata neno moja la maelezo hayo. Alidhani anafanya haki, anasema, na alidhani haki hiyo inamgharimu yeye peke yake.

Kitinda aliacha kwenda kwa mama yao siku ambazo dada yake alikuwepo. Hakuna aliyetangaza ugomvi. Walipishana tu. Mama, ambaye sasa ana miaka sabini na sita na bado anashona mito ya viti kwa kujifurahisha, ndiye aliyeubeba mzigo huo jikoni.

"Nilikuwa napika mara mbili kwa wiki kama mwenye mgahawa," anasema. "Huyu akitoka, yule anaingia. Nikawaambia, jamani, mkija kwangu hiyo sanaa iacheni mlangoni na viatu. Hawakusikia. Wanangu hawa ni wakaidi, sijui wamerithi wapi."

Mwaka jana Kitinda alipata maonyesho yake ya kwanza akiwa peke yake, kwenye ukumbi uliokuwa duka la samani. Wiki mbili kabla ya kufunguliwa, alikwenda kwa dada yake. Hakuwa amefika hapo kwa zaidi ya mwaka. Alikaribishwa kiti, akakataa.

"Sikuja kuomba unitundike," alimwambia. "Ukuta nimepata. Nataka uniandikie kama unavyowaandikia watoto wa watu."

"Na nikiona kosa?"

"Uandike kosa. Mpaka leo umeniandikia kimya, dada. Kimya mtu anakijibu vipi?"

Pimamaji anasema hakulala vizuri siku hizo. Alimwendea mhariri wake, akamweleza. Mhariri alikataa kwanza.

"Nilimwambia, ukimsifu watasema undugu, ukimponda watasema wivu," anasema mhariri. "Akanijibu, basi wote watapata cha kusema. Nikamwambia basi akae, tupange." Walikubaliana kwamba mstari wa kwanza useme wazi wao ni nani, na kwamba msomaji yeyote atakayepinga atapewa nafasi ukurasa huo huo wiki inayofuata.

Maonyesho yaliitwa *Foleni*. Zilikuwa picha kubwa za watu waliosimama wakisubiri, hospitalini, benki, kwenye ofisi za serikali, na wote walikuwa wamechorwa kwa nyuma. Hakukuwa na uso hata mmoja. Pimamaji alikwenda mara mbili peke yake, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Mara ya tatu alikwenda na mama.

Mama alizunguka taratibu, mkoba ameushika kwa mikono miwili, mpaka akafika kwenye picha ya mwisho. Hiyo ilikuwa tofauti na nyingine. Haikuwa na foleni. Alikuwa msichana mmoja tu, kwa nyuma, amembeba mtoto mgongoni kwa kanga iliyokazwa, na mtoto ndiye peke yake aliyegeuza kichwa kidogo, shavu moja likaonekana.

"Huyu ni wewe," mama alisema, machozi yakamtoka.

"Najua, mama."

Ndiyo picha iliyokuwa ikipigwa picha na kila aliyeingia. Ndiyo iliyokuwa na watu mbele yake muda wote. Na Pimamaji, akiwa amemshika mama yake kiwiko, alikuwa tayari anajua kwamba hiyo ndiyo iliyomridhisha kidogo kuliko zote.

Makala ilianza hivi: "Mchoraji huyu ni mdogo wangu, tumezaliwa tumbo moja. Msomaji apunguze au aongeze anavyoona." Ilisifu foleni zile kwa undani. "Tazama mikono iliyoshikana nyuma ya viuno," aliandika. "Ni mikono ya watu walioambiwa njoo kesho mara nyingi kuliko wanavyokumbuka." Alisema mabega ya watu wa benki yamechorwa haraka. Kisha akafika kwenye ile ya mwisho: "Picha hii inaniomba nimpende aliyeichora kabla sijaitazama. Wale wengine hawana haja na mapenzi yangu, wamenipa mgongo na wanasubiri zamu yao. Ningeiondoa."

Asubuhi gazeti lilipotoka, mjomba alikuwa wa kwanza kutuma ujumbe kwenye kundi la simu la familia. Alisema mtu na akili zake hawezi kumvua nguo mdogo wake sokoni. Shangazi wawili wakamuunga mkono. Binamu mmoja akauliza kwani picha ile ilikuwa mbaya, akaambiwa anyamaze.

Kisha mama akapiga simu. "Umeandika nini? Nisomee."

Pimamaji alisoma mwanzo hadi mwisho, hata pale pa kuiondoa picha.

"Rudia pale pa mikono," mama alisema. Akarudia. "Haya," mama alisema, na simu ikakatika.

Kutoka kwa Kitinda hakukuja neno. Siku zikapita. Pimamaji alisahihisha kitabu cha hisabati cha kurasa mia mbili na, kwa maneno yake mwenyewe, hakumbuki hata hesabu moja.

Ilikuwa siku yake ya kwenda kwa mama, wamekaa mezani, mlango ulipofunguliwa. Kitinda aliingia, akavuta kiti, akakaa. Hakusalimia.

"Mabega gani?" aliuliza.

"Nini?"

"Umeandika mabega ya benki yamechorwa haraka. Mabega gani? Wako watu tisa pale."

"Ya yule mwenye shati la mistari, na wawili walio nyuma yake. Mistari inapita kama ukuta, hakuna mfupa chini."

"Hakuna mfupa? Dada, yule kachoka, mabega yameanguka!"

"Yakianguka yanaangukia mahali. Yale yameyeyuka."

Mama anasimulia sehemu hii akicheka mpaka anafuta macho. "Walibishana kuhusu mabega mpaka chakula kikapoa. Huyu anasimama kuonyesha bega, yule anasimama kuonyesha lake. Mimi nakula zangu tu. Nikamshukuru Mungu."

Walifika kwenye ile picha nyingine wakati wa kuosha vyombo, mmoja anasugua na mwingine anapangusa, hawatazamani.

"Na ile ya mwisho ulikosea," alisema Kitinda.

"Sikukosea."

"Ulikosea. Umesema inaomba kupendwa. Mimi niliichora kwa hasira, dada. Nilikuwa na hasira na wewe kuliko siku zote."

Pimamaji alitaka kurudi ukumbini siku iliyofuata kuitazama tena, lakini picha haikuwepo. Ilikuwa imeuzwa. Kitinda haoni haya kusema kwa nini. "Watu walitegemea ningempa dada, tulie, tukumbatiane. Nilikuwa nadaiwa kodi. Alikuja daktari wa meno, akapenda, akalipa."

Basi mhakiki alifunga safari hadi kwa daktari wa meno. Picha ilikuwa imetundikwa kwenye chumba cha kusubiri, juu ya viti vya bluu, pembeni ya saa ya ukutani. Imetundikwa juu mno, anasema, kwa vidole vinne. Mhudumu wa mapokezi akamuuliza kama ana miadi. Hana. Akaulizwa jino gani linamsumbua.

"Niliona aibu kusema nimekuja kutazama ukuta," anasema. "Nikasema la nyuma, kulia."

Alikaa hapo karibu saa nzima, kati ya watu walioshika mashavu. Mzee mmoja alimwambia kwamba kila akija huitazama picha ile na kusahau maumivu. Pimamaji alitazama kanga. Safari hii aliona mkunjo wa juu ya bega ulivyovutwa, ishara kwamba fundo la kifuani, lisiloonekana, limekazwa kupita haja. Aliona shingo ya msichana ilivyokakamaa. Aliona kwamba mtoto aliyegeuza kichwa hamtazami mtu wa mbele ya picha. Anatafuta mahali pa kushukia.

"Je, nilikosea?" anajiuliza mwenyewe kabla hatujamuuliza. "Bado nadhani ningeiondoa. Ila siku ile niliandika bila wasiwasi, na leo ningeandika nikiwa na wasiwasi. Nadhani makala ingekuwa bora."

Kisha jina lake likaitwa, akaingia ndani kwa daktari. Jino la nyuma, kulia, kumbe kweli lilikuwa limetoboka.

Tangu hapo dada hao wamewekeana utaratibu. Pimamaji hamtundiki Kitinda kwenye maonyesho anayoyaratibu, na hilo Kitinda mwenyewe ndiye aliyelidai. Lakini humwandika, na mstari ule wa kwanza kuhusu tumbo moja hautolewi kamwe. Mjomba bado hajaridhika. Husoma kila makala na kutuma maoni marefu, na Pimamaji anasema baadhi ya maoni yake ni mazuri kiasi kwamba amemshauri ayapeleke kwa mhariri.

Hilo si mzaha mtupu. Kila Jumamosi mchana, ghalani humu au popote atakapokuwa ameazimwa ukumbi, hukaa na watu wazima wanaotaka kujifunza kutazama kazi ya sanaa na kuandika walichokiona. Kwa sasa wako saba. Yupo mfamasia, yupo mwalimu mstaafu, yupo mwanamke anayeuza vifaa vya umeme. Zoezi la kwanza huwa ni kuyaandika maonyesho ya mwalimu wao. Mfamasia aliandika kwamba taa za upande wa kushoto zinachoma macho na kwamba maelezo ya ukutani ni marefu kuliko karatasi ya dawa. Taa zimeshageuzwa. Maelezo yanapunguzwa.

"Nataka mji huu uwe na wahakiki watatu, wanne," anasema Pimamaji. "Kitinda asome mambo manne tofauti kuhusu picha moja, achague la kumkasirisha. Asinitegemee mimi. Na mimi pia nipate wa kubishana naye kabla sijapeleka makala."

Kitinda anatarajia kufungua maonyesho mapya kabla ya mwaka kwisha. Kazi zimeegemezwa ukutani chumbani kwake, zimegeuzwa nyuma, na dada yake haruhusiwi kuziona. Atakuja siku ya ufunguzi na watu wengine, atapanga foleni na watu wengine. Wanafunzi wawili wa Jumamosi wameshaomba kuandika.

"Kwa upande wangu natamani kitu kimoja tu," anasema Pimamaji, mafundi wakishusha ngazi nyuma yake. "Natamani siku moja nisimame mbele ya kazi ya mdogo wangu, nikose neno."

Tulipomfikishia Kitinda ombi hilo, hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akikipaka rangi.

"Mwambie asithubutu," alisema.